Ungamo Lililochelewa

Abiria wa basi la Lindi au Mtwara anaijua Somanga kwa dakika chache tu: samaki wa kukaanga kwenye sinia, korosho katika vifuko, kondakta akihimiza watu wapande gari liondoke. Wahandisi wanaijua kwa bomba la gesi ya Songo Songo, linaloingia nchi kavu hapa kwetu na kupeleka gesi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mimi nimefundisha shule ya msingi huku hadi nikastaafu, na nikiulizwa ni habari gani ya kijiji hiki isiyopaswa kusahaulika, nasema ni ile ya tarehe 31 Julai 1905. Siku hiyo Wamatumbi waliteremka kutoka vilimani, wakaharibu pamba na kukiangamiza kituo cha biashara cha mahali hapa, ambapo Wajerumani walipaandika Samanga.

Mimi ni Mmatumbi. Walioteremka ni babu zangu, na waliopoteza maduka na nyumba ni watu wa mji ninaouita kwetu. Tena ni Mkatoliki, na zipo Jumapili ambazo padre hafiki, nikasimama mimi kusoma Neno mbele ya watu. Kwa hiyo vita vya Majimaji, vilivyoanza siku zile, vinanigusa pande zote, na kwa miaka mingi nimejiuliza imani yangu ina nini cha kusema juu ya urafiki uliovunjika katika vita vile na namna ulivyotibiwa, au ulivyoachwa bila kutibiwa.

Shuleni tunafundisha kwamba Majimaji ilikuwa vita ya Mwafrika na Mjerumani. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kabla ya vita palikuwa na ujirani. Watu wa milima ya Matumbi walishuka pwani na mpira wa porini, sandarusi na nafaka, wakapanda na nguo, chumvi na majembe. Walikopeshana, walioleana, walipeana watoto kulea. Kilichouharibu ujirani huo kilikuja na utawala. Wajerumani waliwachukua watu wa pwani, wakawafanya maakida, wakawapandisha milimani kukusanya kodi na kusimamia mashamba ya pamba ya lazima. Huko Kibata aliwekwa akida Seif bin Amri. Mtu wa pwani ambaye jana alikuwa mteja wako au mkweo, leo anakaa barazani na askari wenye viboko wanaohesabu nani kaja shambani na nani hakuja. Pamba haikuliwa, malipo yake yalikuwa madogo mno, na siku alizotumia mtu katika shamba la serikali zilikuwa siku zilizokosekana katika shamba lake mwenyewe.

Basi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipotangaza maji ya kuzuia risasi, watu walikuwa wameshajaa uchungu. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, mashina ya pamba yaling'olewa. Kibata ikashambuliwa, akida akakimbia. Kisha ikaja zamu ya Samanga. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini moto ulikuwa umeshaanza kuenea Kusini.

Sehemu kubwa ya habari hizi tunazijua kwa sababu wazee wa vilimani walikubali kuzisema. Miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Gilbert Gwassa, walikwenda kuwauliza, na mmoja wa wazee wa Kipatimu walionukuliwa anaitwa Ambrose Ngombale Mwiru. Kila ninapolisoma jina hilo la ubatizo husimama kidogo. Mzee wa Kimatumbi, katika eneo ambalo misheni ilijengwa baada ya vita, anabeba jina la mtakatifu wa Kanisa, na bado anaieleza Majimaji kama habari ya watu wake mwenyewe. Hakuona kwamba lazima achague kimojawapo. Wengi wetu tuliomfuata tumechagua.

Nieleze maana yangu. Katika vigango vya Kusini, watoto wa mafundisho huambiwa habari ya Askofu Cassian Spiss. Ni haki waambiwe. Alikuwa Mbenediktini kutoka Tirol, Austria, aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1902 akawa askofu mwenye makao Dar es Salaam. Agosti 1905 alishuka Kilwa, akaanza safari ya bara kuelekea Peramiho kwa njia ya Liwale, akiwa na mabruda wawili, Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen, na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu, Wangindo waliokuwa vitani waliwakuta na kuwaua wote watano. Wiki mbili baadaye, tarehe 28, misheni ya Nyangao ilichomwa moto na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Lukuledi nayo iliteketea.

Hawa hawakubeba bunduki za serikali. Masista walikuja kufundisha wasichana na kufunga vidonda. Siwezi kusimama mbele ya watoto nikasema kuuawa kwao kulikuwa sawa kwa sababu tu waliowaua walikuwa wanadai uhuru wao. Huo ni uongo, na watoto wana masikio.

Lakini upo upande mwingine ambao hausemwi, au unasemwa haraka haraka. Ili kuuona inabidi twende mbali kidogo na pwani, mpaka Ungoni, kwenye misheni ile ile ya Peramiho ambayo Askofu Spiss alikuwa anarudi kuitazama.

Wabenediktini walipofika mwaka 1898 walikaa karibu na Maposeni, kwa Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Kingoni. Nkosi aliwapokea. Wageni wale walijenga, wakafungua shule, wakaomba watoto wa kusoma. Urafiki wa namna hii ulikuwa na faida kwa pande zote mbili na kila upande ulilijua hilo. Mputa alikuwa na kibanda cha mahoka, yaani mahali pa kuwakumbuka na kuwaomba wahenga wa ukoo wake. Kwa Mngoni wa wakati ule kibanda hicho kilikuwa mahali ambapo nkosi anasimama kwa niaba ya watu wote, wazima na waliokufa. Miaka michache kabla ya vita, Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikichoma moto.

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi kuliko mambo mengi ya historia ambayo nimelazimika kuyafundisha. Padre aliamini anaondoa ibada ya uongo, na sina shaka na nia yake. Lakini alikuwa mgeni aliyepewa ardhi na mwenyeji wake, na alichokichoma ni kitu kitakatifu cha mwenyeji huyo. Tena alifanya hivyo wakati ambapo bendera ya Wajerumani ilikuwa inapepea Songea na Mputa asingeweza kumlipiza. Mtu akikuchomea ghala, utalima tena. Akikichoma kibanda cha wahenga wako mbele ya watu wako, amekuambia kwamba hakuheshimu wewe wala waliokuzaa.

Septemba 1905 vita vilipoingia Ungoni, watu wa Mputa waliichoma Peramiho. Padre Leuthner aliuawa katika vita hivyo.

Wajerumani walishinda kwa bunduki za rashasha na kwa njaa waliyoisababisha makusudi, kwa kuchoma mashamba na maghala. Idadi ya waliokufa, kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, ilikuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, hakuwahi kuniambia habari ya maji wala risasi. Aliniambia habari ya ming'oko, namna mama yake alivyoichimba porini kwa kijiti kwa sababu jembe lilikuwa limechukuliwa. Alikuwa akiziba kinywa kwa kanga anaposema hivyo, kana kwamba ameshikwa na aibu, ingawa aibu ile haikuwa yake.

Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja. Alikuwemo Mputa Gama. Alikuwemo Nduna Mkomanile, kiongozi mwanamke. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye. Kabla ya hukumu kutekelezwa, Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini, aliruhusiwa kuingia gerezani. Aliwafundisha imani kwa ufupi uliowezekana, na wengi wao, Mputa akiwa miongoni mwao, walikubali kubatizwa. Kisha wakatolewa nje.

Wako wanaoisoma habari hii kama ushindi wa Injili, na wako wanaoiona kama kejeli ya mwisho ya mkoloni. Mimi naamini katika ubatizo. Naamini Mungu alimpokea Mputa, na kwamba huko aliko hana ugomvi tena na Padre Leuthner. Ila nikiitazama kwa macho ya kibinadamu, naona jambo moja linalonisumbua: waliotubu ni wale tu waliokuwa wanasubiri kitanzi. Aliyekichoma kibanda alikuwa amekufa, na serikali iliyosuka kamba haikutubu kitu. Mapatano ambayo mmoja anaungama na mwenzake anashika funguo za gereza hayajatimia.

Katika katekisimu tunafundishwa kwamba anayetaka kupatanishwa anahitaji majuto, maungamo na malipizi. Mkatoliki yeyote wa rika langu anaweza kuyataja hata usingizini. Nikiipima historia ya Kanisa la Kusini kwa kipimo hicho, naona kwamba malipizi yalitangulia, na tena yalikuwa makubwa.

Wamisionari hawakuikimbia nchi iliyowaua. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Nyangao na Lukuledi kuteketea, Wabenediktini walianza Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, mahali penye chemchemi. Askofu mpya alikuwa Thomas Spreiter. Nyangao ilijengwa upya, Peramiho ilijengwa upya. Shule za Ungoni, ambazo kabla ya vita watoto walizikwepa, zikajaa. Miaka ya 1920 alifika Ndanda Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa daktari, na kwa miongo kadhaa aliwatibu wenye ukoma na kina mama wajawazito ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa tayari kuwashika. Mpaka leo mgonjwa wa Kusini aliyeshindikana zahanati hupakiwa kwenye gari kwenda Ndanda, na hakuna anayemuuliza kama ni Mwislamu au Mkristo. Kijana mmoja wa Lupaso aliyesoma Ndanda, Benjamin Mkapa, akaja kuwa Rais wa nchi, na daraja la Rufiji linalobeba jina lake, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo linaloleta mabasi Somanga bila kungoja pantoni.

Siyadharau haya hata kidogo. Kurudi mahali ulipozika wenzako ukafungua hospitali kwa ajili ya watoto wa waliowaua, hiyo ni Injili inayotembea kwa miguu. Na watu waliielewa. Walipeleka wagonjwa wao, wakapeleka watoto wao, ujirani ukaanza kuota tena.

Ila kibanda cha Mputa kilibaki bila kutajwa. Katika mafundisho niliyopewa mimi mtoto, na niliyokuja kuwapa wengine, niliyakuta makaburi ya watawa tu. Wangindo walikuwa wauaji wa askofu, basi. Hakuna aliyeongeza kwamba Wangindo nao walikufa kwa maelfu kwa njaa, na kwamba sehemu kubwa ya nchi yao ilibaki pori, wakaihama, wanyama wakaingia. Mtoto wa Kingindo aliyekaa kwenye benchi la mafundisho alijifunza kwamba ukoo wake una deni kwa Kanisa. Hakujifunza kwamba Kanisa nalo liliwahi kuwa na deni kwa mtu yeyote.

Kwa nini jambo la zamani namna hiyo linanichoma? Kwa sababu nimeliona likijirudia uani kwangu.

Mama yangu alipofariki tulimzika kijijini kwao, upande wa Kipatimu. Shoga yangu wa Somanga, Mwislamu, jirani ambaye watoto wetu walikula sahani moja, alikuja na wenzake tangu usiku wa kwanza. Alikuwa pia mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo alikuwa na kazi yake msibani ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya. Jeneza lilipotolewa aliziba njia kama desturi inavyotaka, amejifunga kanga ya marehemu kiunoni na kujipaka majivu, akidai fidia kabla ya kuwaruhusu wachukuzi wapite, akimwiga mama alivyokuwa akitembea na kufoka. Waliokuwa wanalia walianza kucheka huku machozi yanatoka. Mzee wangu mmoja alikuwa anapapasa mfukoni atoe shilingi. Hapo katekista aliyekuwa anaongoza mazishi akamkemea kwa sauti, akasema upagani usiingie katika maziko ya Kikristo, akaamuru aondolewe njiani. Mwanamke yule aliifungua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkeka, akaenda kupanda gari.

Hatukusemezana kwa muda mrefu. Nilimtumia watu, akawajibu kwa heshima na kuwarudisha. Nilimpelekea unga mwezi wa Ramadhani, akaupokea na kumpa mtu mwingine. Zawadi hazikuwa na kazi, kwa sababu kilichovunjika hakikuvunjwa na uhaba wa unga.

Lililotibu lilikuja kwa njia ndogo. Katekista yule, ambaye umri ulikuwa umemlainisha, alisoma Injili ya Mathayo katika jumuiya yetu ndogo, pale Bwana anapoagiza kwamba mtu akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu aende kwanza kupatana. Alinyamaza, akafunga kitabu. Jumamosi yake aliniomba nimpeleke. Hakubeba kitu. Alikaa kwenye jamvi barazani kwa shoga yangu, mbele ya mume wake na majirani waliokuwepo, akasema: “Shangazi, siku ya mazishi nilikufukuza njiani. Nilikuita mpagani mbele ya watu wako na wa marehemu. Nilikosea, wala hapakuwa na haja. Ninaomba radhi.” Hakuongeza sababu. Mwanamke yule alimtazama, kisha akasema kwamba mtani akifukuzwa msibani fidia huwa maradufu, na yeye anadai mbuzi. Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa. Mume wake ndiye aliyeanza kucheka. Mbuzi alipatikana, akachinjwa na mume huyo kwa taratibu za Kiislamu, na sote tukala.

Angalia mpangilio wake. Ungamo lilikuja kwanza, kwa jina la kosa lenyewe, mahali pa mkosewa, mbele ya waliokuwa wamesikia tusi. Mbuzi alifuata. Utani wa wazee wetu na katekisimu ya Kanisa vilikuwa vinasema kitu kimoja, na laiti katekista angelijua hilo siku ya mazishi.

Taifa la Ujerumani nalo lilichukua miaka 118. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, akainama na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wao. Ujerumani ilikuwa imekwisha kutoa misaada ya kila aina kwa nchi hii tangu uhuru. Lakini nilipomsikiliza redioni nilielewa kwamba misaada ile yote haikuwa imelisema lile neno. Kuna wazee waliolisubiri hadi wakafa. Nafurahi kwamba lilisemwa, na nafurahi zaidi kwamba lilisemwa Songea kwenyewe, wala si ofisini Berlin.

Sisi Wakatoliki wa Kusini bado tuna kazi ya kwetu, wala haihitaji rais wala ndege. Kila mwaka Agosti inapofika tunawaombea Askofu Spiss na wenzake. Nawaomba mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya, kuanzia Kipatimu na Somanga hadi Liwale, Nyangao na Peramiho, kwamba katika misa hiyo hiyo watajwe pia Wangindo, Wamatumbi, Wamwera na Wangoni waliokufa kwa risasi na kwa njaa. Wafundisheni watoto kwamba Sista Walburga hakuwa na hatia, na katika somo hilo hilo wafundisheni kwamba padre alikichoma kibanda cha mwenyeji wake na hilo lilikuwa kosa. Waiteni watani na majirani Waislamu waje siku hiyo, wakae mbele, na wakitaka kuziba njia, waacheni wazibe.